Kulima kwinoa na mchicha nafaka Tabora: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mwaka. Kwinoa, ule mmea wa punje ndogo zinazopikwa kama nafaka, inaota Tabora? Nipande pamoja na mahindi? Mbona nimepika ikawa chungu? Na lile ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini kidogo: inalipa? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, ili ukiniuliza tena nikuelekeze hapa, nami niendelee na palizi yangu.

La kulipa nalimaliza sasa hivi. Kama kuna mtu anakuuzia mbegu kwa kukuahidi mamilioni kwa ekari, na anasema mnunuzi yupo anasubiri, mwambie akuandikie kwanza mkataba wa kununua mazao hayo. Utaona anavyoanza kuangalia saa. Mwongozo huu ni wa kipande cha mita kumi kwa kumi nyuma ya nyumba, cha kula na kujifunzia. Msimu wa kwanza usivuke hapo.

Ushauri wa pili wengi hawaupendi: usilime kwinoa peke yake. Nusu ya kipande chako weka mchicha nafaka, ule wa suke kubwa ambao watu wengine huuita mchicha lishe. Kwinoa ni mtoto wa baridi. Kwao ni nyanda za juu za Peru na Bolivia, kuzunguka Ziwa Titicaca, mita zaidi ya 3,800 juu ya usawa wa bahari. Sisi Tabora mjini tuko kwenye mita 1,200 hivi. Mchicha nafaka nao asili yake ni bara hilohilo la Amerika, ila wenyewe joto unalipenda. Kwinoa ikikutupa, mchicha utakulisha, na uji wake watoto hawaukatai.

Hivi viwili ni ndugu wa ukoo mmoja, pamoja na bitiruti na spinachi. Tena ile "spinachi" ya sokoni yenye bua pana jeupe ni bitiruti iliyozaliwa kwa ajili ya majani tu. Spinachi halisi ni mmea mwingine, mfupi, ambao Tabora huuoni kirahisi. Wapo na ndugu wengine wa mbali: kanyiwa, ambayo ni kama kwinoa yenye punje ndogo zaidi na uchungu kidogo sana, na bathua ya India, ambayo hupikwa majani. Inatosha kwa nadharia.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Mbegu ya kwinoa gramu 30 hadi 50, kwa nusu ya kipande.
- Mbegu ya mchicha nafaka gramu 10, yaani vizibo viwili vya soda na kidogo juu yake. Hakikisha ni wa nafaka. Mchicha wa mboga wa kawaida nao utatoa mbegu, lakini kidogo, na nyingi ni nyeusi na ngumu. Wa nafaka unaotakiwa una mbegu nyeupe au rangi ya maziwa.
- Samadi iliyooza vizuri, debe 10 hadi 15 kwa kipande kizima.
- Mchanga mkavu uliochekechwa, ndoo moja.
- Jembe, kamba, vijiti vya kupimia, keni ya kumwagilia.
- Turubai, ungo wa kupepetea, na chekeche mbili: moja ya matundu ya kawaida, nyingine laini kama ya unga.
- Vyandarua chakavu au neti kuukuu. Usicheke, utanielewa tukifika kwenye ndege.

Onyo la mbegu: kwinoa ya pakiti ya dukani, ile ya kupikwa, usiitegemee. Nyingi zimekobolewa na kuoshwa ili kuondoa uchungu, na punje iliyosuguliwa hivyo mara nyingi imeumia kiini. Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga pakiti nzima kwenye matuta mawili. Ilipoota nilihesabu miche kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja kikabaki.

HATUA ZA KUFUATA

1. Jaribu mbegu kwanza.
Hesabu mbegu 50, zitandaze kwenye kitambaa kibichi, kunja, weka kwenye sahani kivulini. Kwinoa haina subira: ikiwa hai, ndani ya siku moja au mbili itatoa mkia mweupe. Zikiota 40 na kuendelea, panda kwa kipimo nilichotaja. Zikiota 25, ongeza mbegu mara mbili. Zikiwa chini ya hapo, rudisha ulikonunua, au zisahau. Mchicha nao upime vivyo hivyo, ila uupe siku nne.

2. Chagua tarehe, na usiibadilishe kwa sababu jirani anapanda.
Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mvua za kwanza za Novemba zikinyesha, kila mtu Tabora yuko shambani, na mkono unawasha. Mimi pia niliwashwa. Nilipanda kwinoa Novemba pamoja na mahindi, ikakua vizuri hadi wapita njia wakawa wanasimama kuuliza. Februari punje zikakomaa, mvua nayo haina habari. Asubuhi moja nikakuta masuke yamechipua yakiwa juu ya mmea: vichipukizi vya kijani vimejaa suke zima kama nywele za mtoto mchanga. Zile punje nilizozisubiri miezi mitatu ziliota pale pale zilipo. Nikakata, nikawapa mbuzi.

Kwinoa iliyokomaa ikilowa inaota. Kwa hiyo panga siku zake ili ikue na mvua na ikomae kiangazi:
- Mchicha nafaka: mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari.
- Kwinoa: wiki ya mwisho ya Februari hadi katikati ya Machi.

Hivyo mvua za Machi na Aprili zinakuza mmea, na Mei hadi Juni, usiku umeanza kupoa na mawingu yameondoka, unavuna pakavu. Aliyeko Kasulu au Buhigwe, ambako mvua huchelewa kukata, asogeze mbele wiki mbili hivi. Aliyeko Kigoma mjini, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kwa maoni yangu aweke nguvu kwenye mchicha.

Kuna wanaotaka kupanda Agosti au Septemba kwa kumwagilia. Usifanye. Maua yataangukia Oktoba, mwezi wetu wa joto kali, na kwinoa ikichanua kwenye joto kubwa chavua inakufa. Utapata suke zuri la kupiga picha, ndani hamna kitu.

3. Andaa matuta.
Kwinoa inavumilia ukame na hata chumvi kidogo kwenye udongo, lakini maji yakituama kwenye mizizi siku mbili tatu inaanza kuwa ya njano na kufa. Acha mbuga ziwe za mpunga. Tafuta sehemu ya kichanga iliyoinuka, fanya matuta mapana na mafupi, kimo cha sentimita 15 hadi 20, nusu mita kutoka katikati ya tuta moja hadi katikati ya lingine. Changanya samadi wiki mbili kabla ya kupanda. Kisha lainisha juu ya tuta kwa mkono mpaka udongo uwe kama unga wa dona. Bonge la ukubwa wa yai linatosha kuzuia mche usitokeze.

Kama eneo lilikuwa la tumbaku msimu uliopita, tafuta jingine. Mashamba ya tumbaku mara nyingi yana minyoo fundo, yaani vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, na ukoo huu wa bitiruti na spinachi unaumwa nayo.

4. Panda kijuujuu.
Chora mfereji mwembamba juu ya tuta kwa ncha ya kijiti. Kwa kwinoa kina kiwe sentimita 1 hadi 2, usizidishe. Kwa mchicha ni nusu ya hapo. Changanya mbegu na mchanga mkavu, sehemu moja ya mbegu kwa tano za mchanga, unyunyize kama unavyotia chumvi kwenye mboga. Funika kwa udongo laini, gandamiza kidogo kwa kiganja, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Ukimwaga ndoo kwa kishindo, mbegu zote zitakusanyika bondeni mwa tuta na utakuwa na msitu sehemu moja na jangwa kwingine.

Kosa linalorudiwa: kufukia mbegu kama mahindi, kisha kusema mbegu ni mbovu.

5. Ng'olea miche, na ule unachong'oa.
Miche ikifika kimo cha kiganja, acha mmoja kila sentimita 10 hadi 15 kwa kwinoa, na kila sentimita 20 hadi 25 kwa mchicha. Najua inauma kung'oa kitu kilichoota vizuri. Ng'oa. Mimea iliyobanana hutoa masuke membamba na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa majani, huingia haraka.

Usitupe. Majani machanga ya kwinoa yanaliwa sawasawa na mchicha. Yaoshe mara mbili, yachemshe dakika tano, mwaga yale maji, kisha unga kwa karanga zilizotwangwa na kitunguu. Vumbi jeupe linalong'aa chini ya jani si ugonjwa wala si dawa ya mtu. Ndivyo mmea ulivyo, unahifadhi chumvi na maji kwenye vifuko vidogo. Kuchemsha na kumwaga maji kunapunguza ile tindikali ya majani inayokwaruza meno. Mwenye historia ya mawe ya figo ayale kwa kiasi.

Tahadhari moja. Kuna ndugu mwingine wa ukoo huu anayeota mwenyewe kando ya njia, mwenye harufu kali inayopanda puani mara tu ukimgusa. Watu humtumia kwa dawa ya minyoo, na mafuta yake yakizidi ni sumu. Jani likinuka dawa, liache.

6. Palilia mapema, kisha uache mmea ujitegemee.
Wiki nne za kwanza kwinoa inakua polepole na magugu yanaipita. Palilia mara mbili katika muda huo. Shida ni kwamba mchicha pori unafanana na mchicha wako wakati wa uchanga. Ndiyo sababu nimesema panda kwa mstari: kilicho nje ya mstari ni gugu, hakuna mjadala.

Mvua zikikata mapema Aprili, mwagilia kila baada ya siku nne au tano mpaka punje zijae. Zikishajaa, acha kabisa.

7. Jiandae kwa ndege.
Kwelea kwelea anayemaliza mtama wa Igunga hatashindwa na kitanda chako cha kwinoa. Uchungu wa ganda huwachelewesha kidogo, lakini wakikosa kingine wanakula tu. Masuke yakianza kubadilika rangi, yafunike kwa vile vyandarua chakavu, ukivifunga chini kwenye bua. Kanda za kaseti za zamani zinazopiga kelele kwenye upepo hufanya kazi siku tatu, ndege wakishazizoea wanatua juu yake.

8. Vuna kwa kucha, si kwa kalenda.
Kwinoa huchukua miezi mitatu hadi mitano kutegemea aina. Majani yakiwa ya njano na kuanguka, chukua punje moja uibonyeze kwa ukucha. Ikiacha alama, subiri. Ikigoma, kata bua asubuhi umande ukishakauka. Mchicha nafaka una hila yake: suke hukomaa majani yakiwa bado ya kijani. Lisugue suke kwenye kiganja; punje zikidondoka kwa urahisi, vuna siku hiyo hiyo, maana ukichelewa zinamwagika chini.

9. Kausha, pura, pepeta.
Tandaza masuke kwenye turubai siku tano hadi saba, uyaingize ndani kila jioni. Yapige kwa fimbo, sugua kwa mikono, chekecha kwa matundu makubwa kisha madogo, halafu pepeta. Kwenye kupepeta nenda taratibu: punje hizi ni nyepesi kuliko unavyodhani, na upepo wa Juni hauna huruma. Mara ya kwanza nilipepeta kama mtu wa mpunga, na asilimia kubwa ya mavuno yangu ikaenda kwa kuku wa jirani. Funga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la kwinoa linawasha koo.

Kujua kama zimekauka, tia punje kikombe kimoja na chumvi kavu kijiko kimoja kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika moja, acha zitulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha juani. Zikiwa kavu, weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Kutoka mita za mraba 100, mgeni wa kazi hii akipata kilo tatu hadi sita kwa jumla, amefanya vizuri.

10. Osha uchungu kabla ya kupika.
Hatua hii watu huiruka, kisha wananiletea malalamiko. Punje ya kwinoa imevikwa dutu chungu inayotoa povu kama sabuni, na huko Andes watu wamekuwa wakifulia povu hilo hilo. Mara ya kwanza nilisuuza mara moja kama mchele, nikapika, nikamtengea mama mkwe. Alionja kijiko kimoja, akakiweka chini kwa adabu, akauliza, "Mwanangu, hii ni kwinoa au kwinini?"

Fanya hivi: weka punje kwenye beseni, maji baridi, sugua kwa viganja kwa nguvu kama unafua soksi. Povu litajaa. Mwaga kupitia chekeche laini, rudia. Mara tano, sita, hata nane, mpaka maji yaache povu. Onja punje mbili mbichi. Zikiwa chungu, endelea. Usitumie maji ya moto kuosha, na usiloweke usiku kucha, la sivyo asubuhi utakuta zimeota. Osha kiasi cha kupika siku hiyo tu.

Maji ya povu usiyamwage kwenye bwawa la samaki wala kijito. Dutu hiyo inaua samaki. Mwaga chini ya mwembe.

Mchicha nafaka hauna uchungu huu. Suuza mara moja kuondoa vumbi, basi.

11. Pika.
Kwinoa: kikombe kimoja, maji vikombe viwili, chumvi. Ikichemka punguza moto, funika, dakika 15. Imeiva ukiona kila punje imeng'aa na kiini kimefunguka kama kamkia keupe kalikojiviringisha. Ipumzishe dakika tano kabla ya kupakua. Inakwenda vizuri na maharage au mboga ya karanga. Usitarajie iwe wali, ukitaka wali pika wali.

Mchicha nafaka ukiupika mzima unakuwa kama uji mzito. Mimi naupendelea kwa njia mbili. Ya kwanza, bisi: sufuria kavu iliyopata moto sana, kijiko kimoja cha punje, funika, tikisa. Sekunde chache zinapasuka na kuwa nyeupe kama bisi za siafu. Zimwage haraka, maana kati ya bisi na mkaa hapo katikati hakuna nafasi. Changanya na asali yetu ya Tabora, tengeneza vibonge, watoto watamaliza wenyewe. Ya pili, saga sehemu moja na sehemu tatu za ulezi au mahindi, upate unga wa uji.

UKIKWAMA

Miche imeota, kisha inaanguka shingoni.
Kama bua limeoza usawa wa udongo, ni kinyausi: maji mengi, miche imebanana. Punguza vyote viwili. Kama limekatwa safi kama kwa wembe, ni sota, yule kiwavi mkata miche. Fukua udongo jirani na mche ulioanguka asubuhi na mapema, utamkuta kajikunja pale pale. Mponde.

Majani yana madoa ya njano juu, na chini ukungu wa kijivu.
Huo ni ubwiri vinyoya, ugonjwa mkuu wa kwinoa duniani, na unapenda unyevunyevu. Ng'oa majani yaliyoathirika, ongeza nafasi kati ya mimea, mwagilia chini badala ya juu ya majani. Ukiingia kila mwaka, tarehe yako ya kupanda ndiyo yenye kosa, irudie hatua ya 2.

Suke kubwa, punje hakuna.
Joto wakati wa maua, au samadi na mbolea ya chumvichumvi kupita kiasi, mmea ukajenga majani tu.

Mmea mfupi wa sentimita 40 umeshatoa suke.
Baadhi ya aina za kwinoa huhesabu urefu wa mchana, na zikiletwa karibu na ikweta huharakisha kuchanua. Samadi haitasaidia hapo. Tafuta aina nyingine. Kwa maswali ya udongo na mbegu, kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi kiko hapo hapo nje ya mji.

Mbegu nilizotunza hazikuota.
Zilikaa chini ya bati. Joto na unyevu huua mbegu ya kwinoa upesi kuliko ya mahindi. Tunza kwenye chupa kavu iliyofungwa, chumba chenye ubaridi kuliko vyote, na usitegemee mbegu ya miaka mitatu.

Kuku wanapekua makapi ya kwinoa, wanayaacha.
Hawana makosa, ni ule uchungu. Osha au chemsha ndipo uwape. Ya mchicha watayamaliza bila kuoshewa.